Kigari cha gofu cha petroli kwenye vumbi la Mpunguzi: uzoefu wangu wa sevisi

Mtu akiniuliza kama kigari cha gofu cha petroli kinafaa kwa kazi za shamba huku Dodoma, namjibu kwamba kinafaa sana. Halafu hapohapo namuuliza: chujio la hewa utakuwa unalisafisha kila baada ya muda gani? Wengi hushangaa, maana wamekuja na maswali ya bei na ya kasi. Lakini kwa hali ya hewa yetu, chujio ndilo linaloamua kama injini itakutumikia miaka mingi au utaanza mapema kuulizia bei ya ringi za pistoni.

Chetu ni Yamaha, ile inayoitwa Drive, ya petroli na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Kilishatumika kwenye viwanja vya gofu huko nje kabla hakijaingia nchini. Injini ni ya silinda moja, sisi (cc) 357, fostroki, na inapozwa kwa upepo, hakuna rejeta wala maji. Kinafanya kazi kwenye shamba la zabibu Mpunguzi, barabara ya Iringa. Nyuma tuliweka boksi la kubebea kreti, na siku wageni wanapokuja kuona mizabibu, wazee ndio wanaopanda mbele. Ardhi yenyewe kila mtu wa huku anaijua: mvua ikikata mwezi wa nne, kuanzia wa tano mpaka wa kumi na moja ni ukavu mtupu, na upepo wa Juni hadi Septemba unainua vumbi jekundu jepesi kama unga wa ulezi. Mavuno yetu ya pili yanaangukia Agosti na Septemba, yaani kigari kinafanya kazi ngumu kuliko wakati wowote katika miezi ileile yenye vumbi zaidi.

Niliulizwa na jirani kwa nini sikuchukua cha betri, ambacho ni kimya na hakina habari za oili. Cha betri kinataka seti nzima ya betri nzito, kinataka umeme wa uhakika wa kuchaji usiku, na betri zikichoka unazinunua zote kwa mpigo. Shamba letu liko mbali na nguzo za umeme. Petroli naibeba kwenye dumu, na injini ya silinda moja fundi yeyote wa pikipiki anaielewa akiitazama kwa makini. Kwangu hiyo ilitosha.

Jambo la kwanza ambalo fundi mgeni lazima aelezwe ni namna kigari hiki kinavyowaka. Hakina sailensi, yaani injini haibaki ikinguruma kigari kikiwa kimesimama. Ukikanyaga pedali ya mafuta, starta inaizungusha injini kupitia mkanda na inawaka. Ukiachia pedali, kigari kinasimama na injini inazima. Kwa hiyo kwenye shamba, ambako unasimama kila mstari wa mizabibu, injini inawashwa na kuzimwa mara nyingi sana kwa siku, na safari zenyewe ni fupi. Oili haipati muda wa kuchemka vizuri ili ikaushe unyevu na petroli inayovujia ndani. Ndiyo maana sihesabu saa peke yake. Vitabu vingi vya vigari hivi vinasema oili ibadilishwe kila baada ya saa kama 100 hadi 125 au miezi sita, kimoja kikitangulia. Mimi namwaga kabla ya mavuno ya Februari na tena kabla ya yale ya Agosti, hata kama kwa saa ningekuwa bado.

Sasa turudi kwenye vumbi. Kiboksi cha chujio kiko chini ya kiti, na mtu asiyejua anaweza kudhani kiko salama pale. Hakiko salama hata kidogo. Magurudumu ya nyuma yanarusha vumbi juu, linazunguka chini ya kiti, na injini inavuta hapohapo. Vumbi letu lina mchanga laini sana ndani yake. Likipita chujio, linachanganyika na oili kwenye kuta za silinda na kusaga ringi taratibu. Hutasikia kelele. Utaona kwanza kiwango cha oili kinashuka bila kuvuja popote, kisha moshi wa bluu asubuhi, kisha kigari kinaanza kuchoka kwenye mwinuko ambao zamani kilikuwa kinaupanda na kreti zote. Ukifika hapo, habari ya sevisi imekwisha, unaongelea kufungua injini.

Fundi ninayemtumia anatoka Kizota, na alinifundisha kipimo ambacho sasa sikiachi. Alitoa mpira unaotoka kwenye boksi la chujio kwenda kwenye kabureta, akapitisha kidole chake ndani, akanionyesha.

“Mama, kidole kikitoka safi, chujio linafanya kazi. Kikitoka na unga, hata ukiweka chujio jipya leo ni bure, kuna mahali hewa inapita pembeni.”

Hilo ndilo ambalo gereji nyingi hawalifanyi. Wanatoa chujio, wanapuliza kwa kompresa, wanarudisha, wanakuandikia bili. Hakuna anayeangalia kama mpira wa kuzunguka mfuniko umekakamaa kwa jua, au kama klipu ya mpira wa kabureta imelegea. Kwetu jua linakausha mipira haraka, nyufa zinaanza ndogondogo, na hewa haina adabu: inapita pale penye upenyo, na vumbi inakuja nalo. Tulibadilisha klipu kwa ile ya kukaza na bisibisi, na kidole kimekuwa kikitoka safi tangu hapo.

Upulizaji wenyewe nao una namna yake. Chujio la karatasi unaligongagonga kwanza polepole juu ya meza, vumbi zito lianguke. Ukipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, maana kompresa ya gereji ikifunguliwa yote inatoboa karatasi matundu usiyoyaona kwa macho. Weka tochi ndani ya chujio ukiwa mahali penye giza: mwanga ukipita sawasawa bila vitone vikali, linafaa, ukiona kitone kinachong'aa, hilo limetoboka, tupa. Kuliosha kwa petroli au sabuni, kama nilivyoona watu wakifanya, ni kuliua. Kama kigari chako kina sponji juu ya karatasi, sponji ndiyo unayoweza kuosha, ikauke kabisa. Wakati wa mvua naliangalia kwa nadra. Kuanzia Juni naliangalia kila wiki, na kwenye mavuno ya Agosti tunalifungua hata katikati ya wiki.

Kuna sababu nyingine ya kulijali chujio, na inahusu mahali tulipo. Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na kabureta haina akili ya kujua hilo. Inamwaga petroli ileile kwa hewa iliyopungua. Injini inakuwa tayari inakula mafuta mengi kidogo kuliko inavyopaswa. Ukiongeza na chujio lililoziba, unaminya hewa mara ya pili. Hapo plagi inakuwa nyeusi tii na kavu, moshi mweusi unatoka, kigari kinakatakata ukikanyaga ghafla, na dumu la petroli linaisha kabla ya wakati wake. Nimewaona watu wakibadilisha plagi kila mara kwa dalili hizo, au wakimwachia fundi achokonoe skrubu za kabureta. Anzeni na chujio jamani. Plagi ya rangi ya kahawia hafifu ndiyo inayokwambia mambo yako sawa, na nafasi ya kwenye ncha yake iwe milimita 0.7 hadi 0.8 kwa plagi za aina hii. Niliipata mjini kwenye duka la spea za pikipiki, kwa kupeleka ya zamani na kusoma namba yake.

Kwenye oili nina malalamiko na gereji moja, si ya huyu fundi wangu. Injini hii inachukua kama lita moja tu, basi. Wao, kwa mazoea ya magari madogo, walijaza mpaka wakaona kwenye dipstiki, kijiti cha kupimia oili, imepita alama ya juu, wakasema ya ziada haina madhara. Ina madhara makubwa. Oili ikizidi, mapigo ya pistoni yanaisukuma kupitia bomba la kupumulia la injini, inaingia kwenye boksi la hewa, inalowesha chujio. Kigari kilirudi kikitoa moshi mzito na chujio jipya likiwa limeharibika. Siku hizi nasimama pale. Injini inapashwa joto kidogo, inazimwa, bolti ya chini inafunguliwa oili itoke yote, washa (pete ya bolti hiyo) inaangaliwa, kisha inawekwa oili mpya ya 10W-30 kidogokidogo, kigari kikiwa kwenye sakafu iliyonyooka. Dipstiki inafutwa na kusomwa zaidi ya mara moja. Chetu hakina kopo la chujio la oili kama la gari, kwa hiyo uchafu wote unatoka na oili yenyewe au hautoki kabisa. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoichelewesha. Oili nanunua ya kopo lenye sili, na kopo tupu nalitoboa ili lisirudi dukani likiwa limejazwa kitu kingine.

Mifuniko ya bati inayoizunguka silinda inastahili kutolewa angalau mara moja kwa mwaka. Ndani yake kuna feni na mapezi ya silinda, na upepo unaopita pale ndio rejeta yake. Ya kwetu ilikuwa na vumbi lililogandamana na oili, majani makavu ya mizabibu, na mwanzo wa kiota. Tuliyakwangua kwa kijiti cha mbao na brashi, tukapuliza. Tofauti ilisikika siku hiyohiyo: kwenye jua la saa nane kigari kilipanda kutoka bondeni bila kulegea. Usikubali fundi aiwashe injini mifuniko ikiwa nje halafu aiache ingurume, wala asiipige maji ya presha ikiwa ya moto.

Petroli ya dumu inapita kwanza kwenye kitambaa safi ndani ya faneli. Kile kichujio kidogo cha plastiki kwenye bomba la mafuta kina mshale, nao lazima uelekee kwenye kabureta. Mabomba ya mpira yanakauka kama mipira mingine. Pampu ya mafuta inafanya kazi kwa mapigo ya hewa kutoka ndani ya injini, kwa hiyo ufa mdogo kwenye bomba lake unatosha kuifanya isivute. Kigari kikikaa bila kazi kwa miezi, petroli ya kwenye kabureta imwagwe, isije ikaacha gundi kwenye matundu.

Spea ndizo zinazonifanya nikipe nyota nne na si tano. Mikanda iko miwili, wa starta na wa kuendeshea magurudumu, na ule mkubwa hauna mbadala kwenye maduka ya fenibelti za magari mjini Dodoma. Ukiona unaofanana kwa urefu, upana wake unatofautiana, na klachi hizi, yaani puli zinazobeba mkanda, zinategemea upana ili kubadilisha mwendo. Mkanda mwembamba unakaa chini kwenye puli, kigari kinakosa nguvu ya kuanzia, na unaungua. Tulisubiri ule sahihi uagizwe nje, ukaja Dar, ukapandishwa basi kama kifurushi. Tangu siku hiyo kila mkanda ninao wa akiba stoo, umehifadhiwa mahali pa giza mbali na dumu za petroli. Na mtu asije akapaka grisi kwenye puli kwa nia njema. Pale panatakiwa pakavu.

Kwa kazi yenyewe ya sevisi sina la kulalamika. Haichukui hata nusu siku, vifaa ni spana za kawaida, na fundi huja shambani kwa bodaboda na begi lake. Ukiwa unatafuta wa kwako, kabla hujamuuliza bei muulize mambo mawili: oili ataweka kiasi gani, na baada ya kufunga chujio ataangalia nini kwenye mpira wa kabureta. Akikujibu lita moja, na akataja kidole, mpe kazi.