Kasigau au Vuria: ukitoka Mombasa, upande mlima upi?

Watu wa Mombasa wakitaka mlima hutaja Kilimanjaro, milima ya jirani hawaigeukii. Kasigau, wenye mita zipatazo 1,600, umesimama peke yake kwenye nyika kavu ya Taita. Unaacha barabara kuu pale Maungu, unaingia vumbini. Si volkeno. Ni mwamba wa kale mno, uliobaki umesimama baada ya ardhi iliyouzunguka kumomonyoka kwa mamilioni ya miaka. Chini ni migunga na jua kali. Juu mambo mengine: upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, huu huu unaotupoza sisi jioni, hupanda, hupoa na kugeuka ukungu. Miti huunasa, mashina yakatota hata siku isiyo na mvua, na vijiji vya chini, kama Rukanga, hutegemea maji ya msitu huo.

Vuria, mita 2,208, ndio mrefu kuliko yote katika Milima ya Taita. Miamba ni ya asili ileile, baridi imezidi (beba sweta, si utani). Ila kileleni kuna minara ya mawasiliano, na barabara ya gari inapanda huko. Mwenye magoti mabovu aende Vuria. Mimi, Kasigau.