Fundi simu wa "Terminata" sokoni Mtwara: kazi safi, bei zina mafumbo

Kibanda hiki cha fundi simu, karibu na soko kuu la Mtwara, kimebandika bei kwa majina ya filamu: Droidi 3,000, Terminata 5,000, Matriksi kuanzia 45,000. Vijana waliokulia kwenye mabanda ya video wanacheka na kulipa. Asiyejua anachouziwa anaweza kuondoka bila hata picha moja.

Maana "Terminata" ni kufuta simu yote, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Usikubali kabla hujahamisha majina na picha. Na akaunti ya Google, unaikumbuka? Tangu Android 5.1, simu ikifutwa kwa vitufe vya pembeni, si kupitia mipangilio, huwaka na kudai akaunti ile ile ya mwanzo. Wengi hukwama hapo, kwa kuwa akaunti walifunguliwa na muuza simu na nywila hawakupewa. Fundi huyu huuliza hilo kabla hajagusa kitu. Hapo nampa alama zote.

Droidi wake sasa, kwa kweli, kulipa 3,000 ni kutupa pesa. Ni yule roboti wa kijani anayetokea kwenye kioo, amelala chali, na maandishi "No command". Shikilia kitufe cha kuwashia, bonyeza mara moja cha kuongeza sauti, menyu itatokea, chagua "Reboot system now". Roboti akirudi palepale, ndipo simu iflashiwe, yaani iwekewe programu yake upya. (Jina Droidi lilisambazwa na Star Wars ya 1977, hata simu ya Motorola Droid ya 2009 ililitumia kwa leseni ya Lucasfilm.)

Matriksi ni mistari ya kijani kwenye kioo, mfano wa ile ya filamu ya 1999. Kufuta simu hakuitibu. Ama kioo kimekufa, ama fleksi, ule waya bapa wa kioo, umelegea, kwa hiyo kabla ya kutoa 45,000 mwambie aichomoe fleksi, asafishe pini, airudishe. Simu za wavuvi wa Msangamkuu hushika kutu ya chumvi hapo hapo kwenye soketi, na kioo kipya juu ya kutu hakidumu.

Kasoro kubwa ya fundi huyu ni kuosha bodi ya simu kwa thina ya rangi, ambayo inakula plastiki na gundi. Dai spiriti ya isopropili ya 99% na brashi laini, betri ikiwa imechomolewa, na bodi ikauke kabisa kabla ya kuwashwa. Chupa ya spiriti hiyo anayo, rafu ya juu, nyuma ya makava.