Kijitabu cha ahadi za tabianchi: kinasomeka jikoni, hakijafika mwaloni

Kwa shilingi 5,000, kijitabu cha kurasa 64 kinachouzwa katika maduka ya vitabu ya katikati ya jiji la Mwanza kinajitambulisha kuwa mwongozo wa mwananchi wa kawaida kuhusu yale ambayo Tanzania imeahidi mbele ya dunia juu ya mabadiliko ya tabianchi. Mwalimu wa sekondari, diwani na mwandishi wa habari wakinunue bila kusita. Mvuvi wa dagaa na mchuuzi wa samaki, ambao utangulizi unawataja kuwa ndio walengwa wa kwanza, hawatapata humo hata nusu ya wanachokihitaji.

Sehemu iliyoandikwa vizuri kuliko zote ni ile inayoeleza asilimia. Katika Mchango wa Taifa, yaani waraka wa ahadi za nchi, uliowasilishwa mwaka 2021 chini ya Makubaliano ya Paris, mkataba wa dunia kuhusu tabianchi ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2018, nchi ilikusudia kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030. Wengi wakisikia hivyo redioni hudhani kwamba uzalishaji wa leo utakatwa kwa theluthi moja, na hapo huzuka swali la haki kabisa: nchi inayochangia kiasi kidogo namna hii, ambayo bado inajenga viwanda na reli, itakata nini? Kijitabu kinajibu kwa mchoro wa mistari miwili, mmoja ukionyesha gesijoto ambayo ingezalishwa kama mambo yangeachwa yaendelee kama yalivyo, na wa pili ukionyesha kiasi kitakachozalishwa hatua zikichukuliwa. Ahadi ni pengo lililo kati ya mistari hiyo, wala si lazima iwe kushuka chini ya kiwango cha leo. Kinaongeza kwamba utekelezaji unategemea kwa sehemu kubwa fedha na teknolojia kutoka nje, jambo ambalo hotuba nyingi hulipita mbio. Sijapata kusoma maelezo ya Kiswahili yaliyo wazi zaidi ya hayo.

Ajabu ni kwamba kurasa chache mbele mwandishi huyo huyo anasahau alichotufundisha. Jedwali lake linapanga nchi tatu zinazochangia Ziwa Victoria, yaani Tanzania, Kenya iliyotaja asilimia 32 mwaka 2020 na Uganda iliyotaja asilimia 24.7 mwaka 2022, kana kwamba ni msimamo wa ligi. Kila nchi imepima ahadi yake dhidi ya makadirio yake yenyewe, na asilimia kubwa yaweza kutokana na makadirio yaliyoanzia juu, si na juhudi iliyo kubwa. Jedwali hilo liondolewe.

Sura ya nishati ya kupikia inarejesha imani. Inaanza na katazo la kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu wengi, inapita kwenye mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, kisha inashuka hadi kwa mama lishe mwenye mtungi mdogo wa gesi, ikilinganisha gharama zake na gunia la mkaa bila kuficha kwamba kununua mtungi kwa mara ya kwanza ndicho kikwazo. Hapo msomaji anaona jinsi takwimu ya taifa inavyogusa mfuko wake. Hata hivyo, sura nzima haina neno juu ya kuni zinazobanika sangara, na sielewi ilikuwaje kitabu kilichoandikwa Mwanza kikalipita jambo hilo.

Ziwa lenyewe limepewa kurasa mbili tu, na kasoro inaanzia kwenye jalada, ambalo lina picha ya ardhi iliyopasuka kwa ukame. Ukame upo na unaumiza, hasa wakulima na wafugaji walio mbali na ufuko, lakini kumbukumbu iliyo karibu zaidi kwa watu wa mialoni, yaani sehemu za ufukweni wavuvi wanakoshushia samaki, ni maji kuzidi. Baada ya mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019, wakati maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipokuwa na joto lisilo la kawaida, kina cha Ziwa Victoria kilivuka rekodi ya mwaka 1964 mnamo Mei 2020, na Mei 2024 kikavuka tena. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili huletwa na mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, na njia yake ya kutokea ni moja tu, kule Jinja, Uganda. Mambo hayo mawili, yakielezwa kwa ukurasa mmoja, yangemsaidia mtu aliyepoteza kibanda chake kuelewa kilichompata vizuri kuliko mchoro wowote wa dunia inayochemka.

Kuhimili, yaani kujipanga kuishi na mabadiliko haya, ndiyo habari kubwa ya ufukweni, na mifano yake iko karibu. Dagaa wanaoanikwa mchangani huoza mvua zinapofuatana, lakini wakiwekwa kwenye chanja hupata hewa na hukauka wakiwa safi. Taa za sola zinazochukua nafasi ya karabai katika usiku wa giza hupunguza mafuta ya taa na gharama ya mvuvi kwa pamoja. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zina uzito wa pekee kwenye ziwa ambalo ngurumo zake nyingi huja usiku, wakati mitumbwi ya dagaa iko kazini. Kijitabu kinataja neno tahadhari mara kadhaa bila kueleza mvuvi afanye nini akiipokea.

Lugha ni safi, chapa inasomeka, ila gundi ya mgongo haikuvumilia mkoba wangu. Orodha ya ofisi za kuuliza maswali inaishia Dodoma, ingawa kifungu cha 12 cha Makubaliano ya Paris kinazitaka nchi zikuze elimu na ushiriki wa umma, na ushiriki huo kwa mtu wa mwaloni huanza kwa afisa mazingira wa halmashauri na kwa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni. Anayetaka kukitumia na kikundi cha wachuuzi ninamshauri anunue nakala moja, asome kwa sauti sura ya asilimia na ile ya jikoni, na itakapofika zamu ya ziwa amwalike afisa uvuvi wa kata.