Beji ya kujibu ujumbe haraka: nilivyoiona nikiuza na nikinunua

Nauza vikapu vya Iringa nikiwa Uingereza, kwenye Etsy, soko la mtandaoni linalojulikana zaidi kwa vitu vya kazi za mikono, na pesa nyingine ninayoipata humo naitumia humohumo kununua vya wenzangu. Kwa hiyo beji ya Star Seller, alama ambayo Etsy hulipa duka linalohudumia wateja vizuri, kujibu ujumbe haraka kukiwamo, naijua pande zote mbili. Ndugu na marafiki walioko huku Ulaya wanaotaka kufungua duka kama langu huniuliza ada ni kiasi gani na posta inatoza vipi. Habari ya kujibu wateja hakuna anayeiuliza, na hiyo ndiyo inayonila muda kuliko hata kufunga vifurushi. Leo naizungumzia hiyo tu.

Masharti kwanza, maana wengi hudhani beji hupewa wanaouza sana. Mpango ulianza 2021, na mauzo yanayotakiwa ni madogo: angalau oda 5 na dola 300 ndani ya miezi mitatu. Ugumu uko kwengine. Oda zitumwe kwa wakati na ziwe na namba ya kufuatilia, kwa kiwango cha 95%. Wastani wa nyota za wateja usishuke chini ya 4.8. Na ujumbe wa kwanza wa mteja ujibiwe ndani ya saa 24, nao kwa 95%. Hesabu hupigwa kila tarehe mosi, ikiangalia miezi mitatu iliyopita.

Hapo kwenye "ujumbe wa kwanza" pasome mara mbili. Kinachopimwa ni ule ujumbe unaofungua mazungumzo. Ukishaujibu, umemaliza. Mteja akirudi na swali la pili na la tatu, ukamwacha anasubiri wiki nzima, asilimia yako haitikisiki.

Nieleze kwa mfano wa kazi yangu. Mtu wa California anaandika saa kumi na mbili jioni kwake, saa nane usiku kwangu. Anauliza mambo matatu kwa pamoja: kikapu kikubwa kina kimo gani, chungu cha maua chenye upana wa sentimita 30 kitaingia, na je, anaweza kupata viwili vinavyofanana? Mawili ya mwanzo nina futi ya kupimia na kikapu kiko rafuni. La tatu sina. Vikapu hivi husukwa kwa mkono kwa milulu, yale majani ya kwenye mabonde yenye maji, na hakuna viwili vinavyotoka sawasawa. Lazima nimuulize mama anayeongoza kikundi kule Iringa.

Namwandikia WhatsApp: "Shikamoo mama. Vile vikubwa vya mistari myekundu, viwili vya kimo kimoja vipo?" Jibu lake huwa ni ujumbe wa sauti, kuku wakisikika nyuma. "Marahaba mwanangu. Kimoja kipo. Cha pili ndicho hiki ninacho mkononi, ila mvua hizi milulu haikauki upesi. Mwambie avumilie." Hilo ndilo jibu lenyewe, na likija baada ya siku mbili nimshukuru Mungu. Saa 24 za Etsy hazimsubiri mama wala mvua ya Iringa.

Kwa hiyo asubuhi nikinywa chai huandika nusu ya jibu: kimo ni sentimita 38, chungu chako kitaingia, kuhusu viwili vinavyofanana nawauliza wasukaji na Alhamisi nitakuambia. Kipimo kinahesabu kwamba nimejibu. Na niseme ukweli, hapa sheria hii imenifaa. Mteja akijua Alhamisi atasikia kitu, anatulia. Wengi wanaokimbilia duka jingine hukimbizwa na ukimya kuliko wanavyokimbizwa na kusubiri.

Tatizo ni kwamba alama hiyohiyo anaipata na yule ambaye mashine yake imejibu "Asante kwa kutuandikia, tutawasiliana nawe hivi karibuni." Jibu la kujiendesha nalo linahesabika, ingawa huwezi kuliacha likijibu mwaka mzima. Pia kuna majibu ya kuhifadhi, unabonyeza mara moja yanaingia. Mimi ninayo ya posta na ya namna ya kusafisha kikapu. Ni msaada mkubwa, lakini nimewahi kuona duka lenye beji linalomjibu kila anayeuliza ukubwa wa kitu kwa maelezo ya muda wa kusafirisha. Kwenye takwimu, duka hilo na langu tuko sawa.

Halafu kuna hesabu yenyewe, inayowaumiza wadogo. Duka linalopata ujumbe 200 wa kwanza katika miezi mitatu linaweza kukosa kujibu 10 na bado liko kwenye 95%. Duka linalopata 20 linaruhusiwa kukosa mmoja. Linalopata 10, ukikosa mmoja tu, uko 90% na beji hiyo kwaheri. Na kwa kuwa dirisha ni la miezi mitatu, huo mmoja utakufuata hadi utoke nje ya dirisha. Homa, msiba, ndege ya saa nyingi kwenda nyumbani, vyote hivyo havina safu yake kwenye jedwali. Sishangai kwamba wauzaji wa Etsy walipogoma kwa wiki moja Aprili 2022, ada ikiwa inapandishwa kutoka 5% hadi 6.5%, kuondolewa kwa Star Seller kulikuwamo kwenye madai yao. Beji ipo hadi leo.

Jambo ambalo muuzaji mpya alishike mapema: si kila ujumbe unastahili jibu. Ukifungua duka tu, watakuja wanaotaka kukutengenezea nembo, na watakuja hatari zaidi wanaojifanya ni wahudumu wa Etsy, wakikutumia kiungo au picha ya kuskani "uthibitishe akaunti yako." Kwa kuiogopa ile asilimia, mtu hujibu upesi upesi, na hapo ndipo anapotapeliwa. Usijibu. Uripoti kuwa ni taka, nao utaondolewa kwenye hesabu.

Masoko mengine yana namna yake. Amazon nao wanataka saa 24, Jumapili na sikukuu zikiwamo, ila wameweka kitufe cha kusema ujumbe huu hauhitaji jibu, maana kuna wateja huandika "asante" na kuondoka. Kurasa za biashara za Facebook zilikuwa na alama ya ukali zaidi: kujibu 90% ya ujumbe, na kwa wastani wa dakika 15. Kwa duka la mtu mmoja huo si upimaji, hiyo ni zamu ya askari. eBay wao humwachia mnunuzi, akishapokea mzigo anatoa nyota kwa mawasiliano, kati ya 1 na 5.

Sasa upande wa kununua. Mwaka jana nilikuwa namtafutia mama yangu friji Dar es Salaam kupitia tovuti moja ya matangazo. Muuzaji alikuwa na maandishi ya kijani kwamba hujibu ndani ya dakika chache, na kweli alijibu sijaweka hata simu chini.

"Ipo dada, karibu sana."
"Asante kaka. Ni ya lita ngapi?"
"Mpya kabisa kwenye boksi."
"Lita ngapi?"
"Tunaleta mpaka mlangoni, malipo baada ya kuona mzigo."
"Kaka, lita."
"Bei inbox dada yangu."

Na tulikuwa inbox. Mdogo wangu wa kiume akaenda Kariakoo kwa miguu yake, akasoma kibandiko ndani ya mlango wa friji, akanipigia. Yule wa kwenye tovuti alistahili kabisa maandishi yake ya kijani, hakuwahi kuchelewa hata dakika mbili.

Ndiyo maana nikinunua siitazami beji peke yake. Nashuka kwenye maoni ya wateja, na simtafuti anayesema "anajibu haraka." Namtafuta anayesema "alinipimia," "alinitumia picha nyingine," "aliniambia ukweli kwamba rangi si kama kwenye picha." Maneno hayo matatu yananiambia zaidi ya asilimia yoyote. Beji naitumia kuchuja tu: kati ya maduka mia yanayouza kitu kilekile, naanza na yale ambayo najua kuna mtu anayefungua mlango.

Hata hivyo siungi mkono wanaotaka kipimo cha kujibu kifutwe tubaki na nyota. Nyota hutolewa na aliyenunua. Aliyeuliza bei ya kutuma Mombasa akakaa siku nne bila jibu, akaenda zake, hana pa kuandika chochote. Huyo mtu kwenye nyota hayupo. Kwenye asilimia ya kujibu yupo, japo kama namba tu. Mimi ningebakisha saa 24, nikaongeza kitu kimoja: siku mbili baadaye mteja aulizwe, hata kama hakununua, alichouliza alijibiwa? Ndiyo au hapana. Na kwa maduka madogo ningehesabu kwa mwaka badala ya miezi mitatu.

Mkitaka alama kwa namba: nikiwa muuzaji naipa beji hii 3 kati ya 5, nikiwa mnunuzi 3 na nusu. Imenifanya niwe na adabu ya kufungua ujumbe kila asubuhi, na imenikosesha usingizi kwa watu waliokuwa wanauliza tu.

Kitu cha bei kubwa siku hizi nakipima mwenyewe. Kabla ya kulipa, naandika swali ambalo jibu la kuhifadhi haliliwezi: naomba picha ya kitako cha kikapu, rula ikiwa imelazwa pembeni. Mwenye mali mkononi huituma siku hiyohiyo au kesho yake. Anayeuza kwa picha za wenzake naye hujibu ndani ya saa 24, tena kwa heshima zote, akinirudishia picha ileile ya kwenye tangazo.