Kaunta ya biti 4 kwenye FPGA: Verilog au VHDL?

Verilog na VHDL ni lugha za kuelezea saketi, na FPGA ni chipu unayoipanga iwe saketi unayotaka. Kwa kaunta, yaani saketi ya kuhesabu, lugha zote mbili zitakupa saketi ileile: flipu-flopu 4 (kila moja hutunza biti 1) na mantiki kidogo ya kujumlisha. Verilog ni fupi, kaunta nzima haifiki mistari 15. Lakini ukikosea herufi moja katika jina la waya unapounganisha moduli (vipande vya saketi), Verilog hujitungia waya mpya wa biti 1 na kuendelea, nawe utahangaika kujua kwa nini taa za kuonyesha hesabu haziwaki. Kinga yake ni kuandika `default_nettype none mwanzoni mwa faili, usiiache kamwe. VHDL, iliyosanifishwa na IEEE (chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki) mwaka 1987, hulikataa kosa hilo papo hapo, ila ina maneno mengi na hudai ubadilishe aina za data waziwazi. Anayeanza bila mtu wa kumsahihisha, namshauri achague VHDL.