Kuamua vyote kabla ya msingi, au kubadilisha ujenzi ukiendelea?

Kwa anayejenga nyumba Goba au Kigamboni, Dar es Salaam, mimi natetea njia ya kwanza kwa chochote kinachofukiwa. Inachosha, lakini bomba la maji taka linalazwa mahali pake kabla jamvi, yaani sakafu ya zege, halijamwagwa. Ukihamisha choo baadaye, unapasua zege ulilokwisha kulilipia, na mafundi wanakaa bure.

Njia ya pili inafaa kwa vigae, rangi na vitasa. Zunguka Kariakoo mpaka uridhike. Upana wa milango, hapana: fundi aujue kabla ya kupandisha kuta. Soketi nazo ziamuliwe kabla ya plasta. Na maagizo ya mdomo ndiyo yanayogombanisha watu saiti, kwa hiyo kila badiliko liandikwe pamoja na bei na siku zinazoongezeka, mteja asaini ndipo fundi ashike nyundo.