Darubini ya bei nafuu kwa bunduki ya .22: lipia paralaksi kabla ya ukuzaji

Mwenye dola 150 hadi 450 za kununulia darubini ya bunduki ya .22 ataonyeshwa kwanza namba za ukuzaji: 3-9, 4-16, 6-24. Namba hizo ndizo zinazouza, ilhali ndizo zilizopaswa kutazamwa mwisho. Kwa risasi ndogo ya .22 LR inayopigwa kati ya mita 25 na 100, pesa ya kwanza iende kwenye paralaksi, ya pili kwenye nobu (vishikio vya kuzungusha vinavyohamisha msalaba wa kulengea) zinazorudi pale zilipoanzia. Ukubwa wa picha ungoje zamu yake.

Paralaksi ni ile hali ya msalaba wa kulengea kuhamahama juu ya shabaha kila jicho linaposogea, ingawa bunduki imetulia tuli. Sababu ni kwamba ndani ya mrija, picha ya shabaha na msalaba haviko kwenye usawa mmoja. Darubini nyingi za bei ya chini hutengenezwa kwa ajili ya bunduki kubwa za uwindaji, nazo huwa zimefungwa kiwandani kwenye yadi 100. Kosa la juu kabisa unaweza kulikokotoa mwenyewe: chukua nusu ya kipenyo cha lenzi ya mbele, zidisha kwa tofauti kati ya umbali wa shabaha na umbali uliofungwa kiwandani, kisha gawa kwa huo umbali wa kiwandani. Tuseme lenzi ni ya mm 40, imefungwa mita 100, na shabaha iko mita 50. Jibu ni mm 10. Shabaha ikiwa mita 25, kosa linafika mm 15. Sasa linganisha na shabaha ya bunduki ya mita 50 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, ambayo duara lake la kumi lina kipenyo cha mm 10.4. Jicho likikaa ukingoni, risasi iliyolengwa katikati kabisa inaangukia tisa, na mpigaji atabaki akililaumu kasha la risasi. (Mashindano yenyewe ya ISSF yanayotumia shabaha hiyo hayaruhusu darubini, duara hilo tumelitumia kama kipimo tu.)

Shavu likikaa mahali pamoja kila mara, kosa hilo hupungua sana. Lakini kwenye mashindano ya kupiga ukiwa umeegemea pipa, ngazi au ukuta, kama yale ya NRL22 ya Marekani ambako shabaha hazizidi yadi 100, shavu halipati mahali pamoja. Huko darubini isiyorekebishwa paralaksi inakula pointi.

Tuanze na ya bei ya chini kabisa tunayoweza kuipendekeza: Vortex Crossfire II 2-7x32 Rimfire (ukuzaji wa mara 2 hadi 7, lenzi ya mbele ya mm 32). Paralaksi yake haigeuzwi, ila imefungwa yadi 50, yaani kama mita 46, kwa sababu ilikusudiwa .22 tangu mwanzo. Kwa hesabu ileile, mita 50 kosa la juu ni takriban mm 1.4, kitu ambacho hakuna risasi ya bei ya kawaida itakayokionyesha. Mita 25 linapanda hadi mm 7, na mita 100 linafika mm 19. Mrija ni wa inchi 1, nobu zimefunikwa kwa vifuniko, na kila kliki ya nobu ni robo MOA (MOA ni sehemu ya 60 ya digrii), ambayo kwenye mita 50 ni mm 3.6. Msalaba hauna alama zozote za kufidia kushuka kwa risasi. Kwa bunduki ya kujifunzia kama Ruger 10/22, au kwa mtu anayepiga umbali mmoja tu, inatosha na pesa inabaki. Ukuzaji wa mara 7 utakuonyesha matundu kwenye karatasi nyeupe. Kwenye duara jeusi usitarajie makubwa. Mahali inapokwama ni pale unapotaka kuanza kuzungusha nobu kufuata umbali. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kazi hiyo .22 inaidai mapema. Darubini ikirekebishwa ili risasi ya kasi ya kawaida, karibu mita 325 kwa sekunde, igonge palepale unapolenga mita 50, risasi hiyo itashuka sentimita 20 hivi ikifika mita 100. Hizo ni takriban mil 2 (mil 1 ni sehemu moja ya elfu ya umbali), au MOA 7. Mita 200 ni mil 8 hivi. Kwa hiyo anayetaka kuvuka mita 50 anahitaji nobu zilizo wazi, zenye namba zinazosomeka, na msalaba wenye alama.

Hapo ndipo Vortex Diamondback Tactical inapoingia, iwe 4-16x44 au 6-24x50. Mrija wake ni wa mm 30, paralaksi hugeuzwa kwa nobu ya ubavuni, na msalaba hukua pamoja na picha, kwa hiyo alama za mil zina kipimo kilekile kwenye ukuzaji wowote. Paralaksi ya toleo la 6-24 hushuka hadi yadi 10, ya 4-16 hadi yadi 20. Kasoro yake kubwa ni kukosa kizuizi cha sifuri: ukizungusha nobu ukasahau kuirudisha, unaweza kujikuta mzunguko mzima nje ya mahali pako bila kujua. Dawa ni kuhesabu mistari iliyo chini ya nobu na kuiandika kwenye utepe ubandikwao kwenye kitako. Kasoro ya pili ni kwamba kwenye ukuzaji wa chini msalaba huwa mwembamba mno, na kwenye shabaha nyeusi iliyo kivulini hupotea.

Athlon Argos BTR Gen2 6-24x50 inacheza kwenye bei za karibu na hiyo, na kizuizi cha sifuri inacho. Paralaksi inashuka hadi yadi 10, na msalaba una taa. Gharama yake ni uzito: gramu 860 hivi, bila pete za kuifungia kwenye bunduki. Juu ya bunduki nyepesi hilo unalisikia begani na kwenye usawa wa bunduki mkononi. Hata hivyo, kwa mashindano ya umbali unaobadilikabadilika, kati ya hizi tatu tungeichukua hii. Kwa anayepiga akiwa mezani umbali mmoja, uamuzi unageuka: msalaba unaokua na picha unaweza kuifunika shabaha ndogo, na msalaba usiobadilika wenye kitone chembamba katikati humfaa zaidi.

Mara 24 zenyewe usizishabikie. Gawa lenzi kwa ukuzaji: 50 kwa 24 ni mm 2.1, ndio upana wa mwanga unaofika jichoni. Kichwa kikisogea kidogo tu picha inakuwa nyeusi. Juu ya hapo, jua la saa saba mchana huleta mazigazi, na kwenye mara 24 shabaha hucheza kama iko majini. Wengi huishia mara 12 hadi 16 hata wakiwa na zaidi.

Darubini ya mtumba ya Nikon ProStaff Rimfire, iliyofungwa yadi 50, bado ni nzuri ikiwa lenzi ni safi. Jua tu kwamba Nikon ilishaacha biashara ya darubini za bunduki.

Ufungaji ndio unaoharibu darubini nzuri nyingi kuliko kiwanda. Angalia kwanza mgongo wa bunduki. CZ 457 ina mfereji wa mm 11, kwa hiyo pete za reli ya Picatinny (reli pana yenye mapengo ya kukatiza) hazitakaa mpaka uongeze reli ya kati. 10/22 huja na reli yake ya kufunga kwa skrubu. Ukinunua reli kwa ajili ya mita 200, chukua iliyoinama MOA 20, ili nobu ibaki na nafasi zaidi ya kupanda. Diamondback ya 6-24 ina marekebisho ya jumla ya MOA 65, nusu yake, inayobaki ukianzia katikati, ni 32, na mita 200 zinadai kama 27. Kwa hesabu inatosha, lakini reli ikikaa vibaya kidogo unaishiwa nobu.

Weka ukuzaji wa juu kabisa, lala au kaa kama unavyopiga, kisha telezesha darubini mbele na nyuma mpaka picha ijae bila kivuli. Ning'iniza timazi mbele, linganisha mstari wa wima wa msalaba na uzi, na bunduki yenyewe iwe imepimwa kwa pima maji. Skrubu za pete kaza kwa zamu, kona kwa kona, mpaka Nm 1.7 hadi 2 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Usitie gundi ya nati kwenye skrubu hizo: inalainisha meno ya skrubu, na kipimo kilekile kinabana zaidi. Mrija ukibonyea, mitambo ya ndani inanata. Kliki zinasikika lakini msalaba hausogei, kisha unaruka wenyewe baada ya risasi tatu au nne.

Kabla hujaisifu wala kuirudisha, ipime bila kupiga. Toa boliti ya bunduki, hakikisha chemba ni tupu, bana bunduki isisogee. Pima mita 50 kwa futikamba, usikisie kwa hatua. Simamisha rula ya wima, elekeza msalaba kwenye sifuri ya rula, zungusha mil 10. Msalaba uhame sentimita 50. Ukihama 49, kosa ni asilimia 2: kwa mil 2 za mita 100 hiyo ni mm 4, vumilia, kwa mil 8 za mita 200 ni mm 32, na shabaha ndogo umeikosa. Kisha rudisha nobu. Isiporudi kwenye sifuri ileile, hiyo haina mjadala, irudishe dukani.

Namba zilizoandikwa kwenye nobu ya paralaksi zichukue kama makadirio. Rekebisha kwanza lenzi ya jicho ukitazama ukuta mweupe mpaka msalaba uwe mkali, ndipo ugeuze paralaksi huku ukitikisa kichwa kidogo, mpaka msalaba uache kuhama.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kikwazo huwa njiani. Darubini za bunduki zimo kwenye orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa na Marekani kwa usafirishaji wa nje, kwa hiyo maduka mengi ya huko hukataa oda bila kibali. Dhamana ya Vortex ni ya maisha na haidai risiti, lakini kuirudisha darubini ng'ambo ni safari nyingine ya vibali na nauli; wakala aliye karibu ana thamani kuliko punguzo la dola 40. Uliza pia mamlaka ya leseni ya silaha ya nchi yako kabla ya kulipa, maana mzigo ukishakwama forodhani, ada ya ghala inahesabiwa kwa siku.